Kilo Nne za Birika

Duka la viazi na vitunguu lilikuwa na mizani mbili. Ndogo ilikaa juu ya meza kwa wanunuzi wa kilo moja moja, wale wanaochagua kitunguu kama wanachagua mkwe. Kubwa ilisimama sakafuni nyuma ya mlango: bamba la chuma la kukanyagwa, mlingoti, na juu yake mkono mrefu wa shaba wenye namba. Ukitaka kupima, unasukuma kipande cha chuma juu ya namba hizo mpaka mkono uelee, usiinuke wala usiiname. Hiyo ilikuwa ya magunia. Tangu daktari alipotamka neno lake, ikawa ya mwenye duka pia.

Mwenye duka wateja walimwita Mama Vitunguu. Alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Akisimama pale hata mwizi angebisha hodi. Mumewe walimwita Birika, kwa kuwa mkono wake ulikuwa kama wa birika: umekunjwa tangu kiwandani, haukunjuki. Birika aliokota kitunguu kilichodondoka barabarani, akakipuliza vumbi na kukirudisha kwenye fungu. Majani ya chai kwake yalifanya kazi mara mbili ndipo yakaruhusiwa kupumzika. Lakini mpunjaji hakuwa. Kila asubuhi kabla ya kufungua, alitoa jiwe la chuma la kilo ishirini, lenye muhuri, lililokuwa likilala kwenye kitambaa chake kama mtoto mchanga. Aliliweka juu ya bamba, akasukuma kipimo mpaka ishirini, akauangalia mkono wa shaba ukielea. Kama haukuelea sawasawa, alichukua bisibisi akageuza skrubu ya pembeni, kidogo, kidogo, ameshika pumzi.

"Ubahili nakubali," alikuwa akisema, "lakini mizani yangu hailali njaa wala haivimbiwi."

Mkewe alimcheka kwa mengine yote. Kwa hilo la mizani alimwamini kuliko alivyoamini macho yake mwenyewe.

Maradhi yalianza kama gesi. Akila cha mafuta, saa moja baadaye kitu kinamkamata chini ya mbavu za kulia, kinapenya mpaka kwenye bega kwa nyuma, kama mtu amemshindilia mpini. Alikunywa tangawizi. Alikunywa soda akacheua. Akatukana viazi, akatukana vitunguu, akamtukana na Birika ambaye hakuwa ametenda lolote. Mwishowe akaenda hospitali, wakampaka kitu cha baridi tumboni na kumpiga picha, na daktari, kijana wa miwani mwenye sauti ya upole, akamwonyesha vidoa vyeupe.

"Kifuko cha nyongo kimejaa mawe, mama. Inabidi tukitoe."

"Kitoe. Leo."

"Una kilo mia moja na nne. Mafuta yamelizunguka ini, na dawa ya usingizi itatupa wasiwasi. Nitakuandikia tarehe; shuka mpaka tisini na tano kabla yake, nikulaze. Lakini usikimbie. Nusu kilo kwa wiki inatosha, moja ukijitahidi sana. Mtu akijinyima chakula akakonda mbio, nyongo hulala kifukoni bila kazi, na mawe yakaongezeka."

"Na nisipofika tisini na tano?"

"Tutasogeza tarehe."

"Na mawe nayo yatasogea?"

Daktari alivua miwani akaifuta. "Ukiona homa, kutetemeka, au weupe wa macho umegeuka manjano, usingoje tarehe yoyote. Njoo siku hiyo hiyo."

Hilo hakuhitaji kuambiwa. Dada yake mkubwa alikuwa na mawe hayo hayo. Alikuwa akingoja zamu yake, akisema subira huvuta heri, mpaka jiwe moja likatoka kifukoni na kuziba njia. Mama Vitunguu ndiye aliyemkalia kitandani. Macho ya dada yake yalikuwa ya rangi ya kiini cha yai. Hakuifikia tarehe yake.

Kwa hiyo Mama Vitunguu alipotoka pale alikuwa ameelewa neno moja tu: tisini na tano. Yale ya usikimbie yalibaki kwenye kiti cha daktari.

Alianza kwa kufuta chakula cha asubuhi. Kisha cha jioni. Akanunua malimau, akawa anakunywa maji moto na limau kama mtu aliyekula kiapo. Wifi yake, dada wa Birika, mwanamke asiye na breki mdomoni, alikuja kumjulia hali akakuta sufuria zimefunikwa.

"Wifi, hata chai hakuna?"

"Kuna maji ya moto."

"Haya. Kukonda huku kutatutia aibu ukoo mzima. Watu watasema kaka yangu hakulishi."

"Kwani wamewahi kusema ananilisha?"

Wifi alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akanyamaza alipomwona mwenzake naye ameshika wake. Si kwa kicheko.

Siku ya tatu ya malimau, Mama Vitunguu aliinama kuokota karai akaanguka kifudifudi kwenye fungu la vitunguu. Birika alimbeba kwa mkokoteni wa magunia mpaka zahanati ya karibu, akipiga kelele njiani watu wapishe. Nesi alimtundikia maji, akamvuta Birika kando ya pazia.

"Wewe ndiye mume?"

"Ndimi."

"Huyu hapungui hivi, huyu anajitengenezea mawe mengine. Mfanye ale. Kidogo kidogo, mara nyingi, bila kukaanga."

"Nesi," Birika alisema, "mke wangu hajawahi kufanywa."

Kesho yake Mama Vitunguu alipanda mizani. Mia moja na tatu. Njaa yote ile, kizunguzungu chote kile, kuanguka kote mbele ya wateja, na amepunguza kilo moja tu! Alilia pale pale juu ya bamba, machozi yakidondoka kwenye chuma, na Birika akasimama na gunia tupu mkononi kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Basi kula kwenyewe naacha," alisema mke. "Kabisa. Heri nife na njaa yangu kuliko kufa kama dada."

"Jaribu alivyosema nesi. Wiki moja tu, mama watoto. Kama haishuki, sikuzuii tena."

Alijaribu. Viazi viwili vya kuchemsha, mboga za majani, kipande cha samaki asiyeonja mafuta, tunda. Sahani ya kitoto. Akila alihesabu kila tonge kama anamlipa adui. Birika alichukua kazi yote ya kubeba na kupima, yeye akakalishwa mezani kwenye kiti chenye mto. Wiki ilipokwisha alipanda mizani amefumba macho.

"Mia moja na moja," alisoma Birika.

"Sema tena."

"Tazama mwenyewe."

Mkono wa shaba ulikuwa unaelea. Alimkumbatia mumewe mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu harusi, na hata siku ile ilikuwa kwa ajili ya picha.

Kuanzia hapo ilishuka. Si kila wiki kwa kiasi kimoja, lakini ilishuka, na yeye akala chakula chake bila kugombana nacho. Akawa anapanda mizani wakati wowote moyo ukimtuma: asubuhi kabla ya wateja, adhuhuri duka likipoa, jioni kabla ya kufunga, hata akitoka chooni. Birika alipomwona anaelekea nyuma ya mlango, alikuwa anaacha chochote alichoshika. Mke alidhani ni mapenzi ya uzeeni.

Biashara nayo ikachangamka ghafla. Wanunuzi wa nusu gunia waliongezeka. Wa kwanza kwa maneno alikuwa Chipsi, mkaanga viazi wa ng'ambo ya barabara, mtu mzima mwenye kitambi na aproni isiyokumbuka rangi yake.

"Shemeji Birika, siku hizi nini? Gunia lenu linajaa mpaka mdomo. Duka hili limeombewa!"

"Ni viazi vya msimu huu," alijibu Birika, amempa mgongo. "Vyepesi."

Ila kulikuwa na jambo moja lililomwasha Mama Vitunguu. Magunia huingia kwa idadi, hutoka kwa kilo. Na yalikuwa yanaisha kabla ya wakati wake. Mtu aliyeuza viazi tangu meno ya watoto wake hayajaota hahitaji kalamu kujua hilo. Anatazama ukuta wa stoo anaona umefika wapi.

"Baba watoto, viazi vinakwenda wapi?"

"Panya."

"Panya gani anamaliza gunia asiache hata mavi?"

Birika akakumbuka ana kazi nje.

Alimsimulia wifi, na huo ndio ukawa ujinga wake, maana wifi alikunja midomo akasema, "Kaka yangu ana mtu."

"Kaka yako? Mtu hutaka kununuliwa soda, wifi. Kaka yako hamwezi mtu."

Walicheka. Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Alianza kumchungulia mumewe. Aliona ameacha kuimba asubuhi. Aliona jiwe la kilo ishirini haliko kwenye kitambaa chake, limetupwa kushikilia mlango wa stoo usijifunge, kama jiwe la mtoni. Aliona, akaweka moyoni. Mwanamume anayeacha ibada yake, moyo wake uko mahali pengine. Usiku na mchana alijiambia: acha nipasuliwe kwanza, nikipona tutaonana.

Siku mizani ilipoelea kwenye tisini na tano, zilikuwa zimebaki siku nne kufikia tarehe. Chipsi alivuka barabara na karatasi ya chipsi iliyolowa mafuta. "Mama, hongera. Na asante ya magunia yenu." Mama Vitunguu alikula vipande vitatu. Si zaidi. Alasiri hiyo maumivu yalimkunja chini ya meza, akatapika mpaka nyongo yenyewe, na jasho lilipomtoka alimwita Birika kwa sauti ya mtu aliye kisimani.

"Nitazame macho! Ni manjano?"

"Meupe."

"Tazama vizuri!"

"Meupe, mke wangu. Wallahi meupe."

Maumivu yalipoachia, alilala ubavu juu ya magunia matupu akasema, "Siku chache tu zimebaki. Nimefika. Wanilaze tu." Birika alikuwa ameinama, anaokota vitunguu vilivyokuwa vimetawanyika, kimoja kimoja.

Asubuhi ya tarehe walikwenda na mfuko wa nguo za kulala, kanga mbili na sabuni. Mama Vitunguu alikuwa amesuka. Nesi wa pale, si yule wa zahanati, alimpandisha kwenye mizani ya kioo inayoonyesha namba nyekundu.

"Tisini na tisa."

"Tisini na ngapi?"

"Tisa, mama."

"Hiyo mizani yenu imelewa."

"Mama, vua viatu upande tena."

Alivua viatu. Akavua hereni, akavua na saa, angevua na meno kama yangetoka. Tisini na tisa.

"Mimi kwetu nina tisini na tano!"

"Kila mtu kwao ana kilo zake," alisema nesi, si kwa ubaya.

Daktari wa miwani aliitwa. Alimpapasa tumbo, akamtazama macho, akamsifu: kilo tano kwa mwendo ule, bila kujinyima, ni kazi safi. Lakini hangempeleka kwenye kisu kabla ya kufika tisini na tano, na foleni ya chumba cha upasuaji ilikuwa ndefu. Nafasi nyingine ilikuwa baada ya miezi miwili.

"Miezi miwili," alisema Mama Vitunguu. "Mwanangu, wewe unajua jiwe linaweza kutoka leo jioni."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuomba uendelee hivi hivi, na ukiona dalili nilizokwambia, uje mbio."

Njiani hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ina miguu. Birika alimfuata nyuma na mfuko wa nguo, hatua kumi nyuma kama mtoto aliyevunja chungu.

Dukani walimkuta Chipsi anangoja nusu gunia lake, na wifi aliyekuwa ameachiwa funguo amekaa mezani.

"Mbona mmerudi?" wifi aliruka. "Wamekataa?"

"Mizani yao mbovu. Inaniongezea kilo nne. Na leo nitawathibitishia nyote muwe mashahidi, kesho narudi nanyi mpaka kwa mkubwa wa hospitali." Alikwenda mlango wa stoo, akaliinua lile jiwe la chuma kabla mtu hajamkataza kubeba. Mlango ukajifunga kwa kishindo. "Hili lina muhuri wa serikali. Hii ni mizani ya Birika, mtu ambaye hata chumvi hajawahi kuipunja. Tazameni."

"Mama watoto," alisema Birika, "weka chini, utaumia."

"Nyamaza, nakutetea."

Aliliweka juu ya bamba. Akasukuma kipimo mpaka ishirini, akaachia. Mkono wa shaba ulianguka, tik, ukalala. Akasukuma nyuma. Kumi na tisa, ukalala. Kumi na nane. Kumi na saba. Kwenye kumi na sita ukainuka taratibu, ukaelea vizuri kabisa, kama unavyoelea siku zote.

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya vitunguu.

Aliyefumbua fumbo kwanza alikuwa Chipsi, maana hesabu za viazi zilikuwa zake. "Yaani kila nusu gunia nililobeba hapa..."

"Ndiyo, ndugu yangu," alisema Mama Vitunguu bila kumtazama. "Umekuwa ukikaanga kilo zangu nne." Alikuwa anamtazama mumewe. "Wewe."

Birika alikaa chini kwenye gunia. "Ulisema huli tena. Ulianguka, nikakubeba kwa mkokoteni, nesi akaniambia unajitengenezea mawe mengine. Nifanyeje? Kukushika kinywa nisingeweza. Nikageuza skrubu kidogo, kilo moja tu, uone imeshuka. Ukafurahi. Ukala. Nikasema kumbe dawa ni hii."

"Kilo moja. Hapa ni nne."

"Wiki zile ilipogoma ulianza kuangalia malimau. Nikaongeza."

"Na wateja?"

"Ningeirudisha saa ngapi? Ulikuwa unapanda kama kuku anapanda kichanja, huna saa. Nikasema acha viazi vipotee." Sauti ilimkatika hapo, na wifi, aliyemjua tangu utoto akificha sarafu ya sumni kwenye soksi, alifunga mdomo kwa mara ya kwanza mwaka ule. Kumbe hakukuwa na mtu. Mtu alikuwa mkewe huyu huyu.

Lakini Mama Vitunguu hakulainika, na msimlaumu.

"Dada yangu alikufa anangoja," alisema. "Wewe ulikuwapo. Ulishika miguu tukimtoa. Ningejua nina tisini na tisa, ningejua bado. Nisingeshika vile vipande vya chipsi. Ningemwambia daktari mapema, labda angesema neno. Sasa nina miezi miwili ya kungoja nisiyoitarajia, kwa sababu ulinihurumia."

"Ungejinyima."

"Ningejinyima! Mwili wangu! Au ungekaa na mimi ukanipigia kelele kama wanaume wengine! Uongo wa nini?"

Kwamba Mama Vitunguu alikuwa hai na amepungua kilo tano sawasawa ilikuwa kazi ya uongo ule. Kwamba alikuwa amesimama pale bila tarehe ilikuwa kazi ya uongo ule ule. Mke mwenyewe alilijua hilo.

"Lete bisibisi."

Aliigeuza skrubu mwenyewe, mpaka jiwe likaelea kwenye ishirini. Kisha akaliondoa, akapanda.

"Soma. Kwa sauti."

"Tisini na tisa."

"Kila siku utaanza na jiwe, mimi nikiwa nimesimama hapa. Halafu mimi. Na nikilia, uniache nilie."

Chipsi alichukua nusu gunia lake siku ile akalipimapima mkononi, akanung'unika kwamba limekuwa jepesi. Kabla ya wiki kwisha barabara nzima ilikuwa inasema duka la Birika limeanza kupunja. Ukirekebisha mizani ndipo unaitwa mwizi! Birika aliyameza yote. Alirudisha jiwe kwenye kitambaa chake, ila kuimba hakurudia.

Mizani ikashuka nusu, ikagoma. Ikashuka tena. Wiki moja ilipanda robo kilo bila sababu, na Mama Vitunguu akalia juu ya bamba kama siku ya kwanza. Birika alikaa kwenye gunia, amekalia viganja vyake, mpaka alipomaliza. Kisha akamletea sahani ya kitoto, naye akala huku kamasi zinamtoka, kwa sababu hata ukweli una njaa.

Kitu kimoja hakikuwa na namba. Kila asubuhi, baada ya jiwe na baada ya yeye, alisimama mlangoni kwenye mwanga, akavuta kope chini kwa kidole.

"Macho."

Birika alisogea, akatazama jicho la kulia, akatazama la kushoto. "Meupe."

Mama Vitunguu alimkazia macho, kope bado imevutwa. Zamani neno la mtu huyu lilikuwa na muhuri. Alishuka ngazi, akavuka barabara katikati ya magari na aproni yake ya vitunguu, mpaka kwa Chipsi aliyekuwa anamimina mafuta kwenye karai.

"Acha hiyo. Nitazame macho. Yana rangi gani?"

Chipsi aliweka dumu chini, akafuta mikono, akainama. "Meupe, mama."

"Si huko kivulini. Njoo huku juani, utazame tena."